Siku saba na Baba hadi Butiama

Tumerudi Dar wiki ya tatu sasa. Haya nimeyakusanya kutoka daftari la binti yangu wa miaka 11, niliyempa cheo cha mweka hazina wa msafara, kutoka picha za simu, na kutoka kumbukumbu ya Baba, ambayo unaweza kuiamini kwa mambo ya 1974 ila si kwa swali la miwani iko wapi.

Safari ilikuwa ya Baba. Ana miaka 75, mwalimu mstaafu, na tangu Mama atangulie mbele ya haki amekuwa na neno moja kila Idi: "Kabla sijafa nikamsalimie Mwalimu." Kwake Mwalimu ni mmoja tu, Nyerere. Mwaka huu, baada ya Idi ya kuchinja, nikachoka kujibu "tutaenda, inshallah". Nikaomba likizo, shule zikiwa zimefungwa. Mke wangu alibaki kazini. Yeye ni Mkatoliki, ndoa yetu ni ya bomani, na alipofunga begi la mtoto alitia rozari kwenye mfuko wa pembeni. Baba aliiona. Akachukua msala wake akauchomeka mfuko huo huo, zipu ikagoma.

Siku ya 1, Jumatatu 23 Juni 2025: Dar hadi Dodoma

Treni ya SGR, daraja la kawaida: 31,000 mtu mzima, mtoto nusu. Fika mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu kuna ukaguzi wa vitambulisho, kisha wa mizigo, na jina la kwenye tiketi lazima lifanane na la kitambulisho. Kisu cha Baba cha kumenyea machungwa kiliishia mlangoni. Alikitaja mpaka Morogoro.

Tulipopita Pugu alisimama kama mtu anayepita msibani. Mwalimu alifundisha pale Pugu mpaka 1955, alipotakiwa achague moja, chaki au chama chake cha TANU. Akaacha kazi. Na kabla ya hapo, alisema Baba, alikuwa akishuka mjini kwa miguu kwenda kwenye mikutano.

"Kwa nini asipande daladala?" binti yangu akauliza.

"Daladala ilikuwa haijazaliwa."

"Bajaji?"

Baba akafungua kitabu. Ni *Juliasi Kaizari*, tafsiri ya Mwalimu mwenyewe ya tamthilia ya Shakespeare, toleo lake la 1969, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi na uvumilivu. Aliifundisha miaka mingi. Mimi nimekua nikisikia hotuba ya msibani ya Antonio ikitoka bafuni. Sasa alimsomea mjukuu wake, na abiria wa mbele yetu, kijana mwenye visikizio masikioni, akavitoa kimoja.

Nilikuwa nikiwaza jambo ambalo sijawahi kumuuliza Baba: inakuwaje mtu aliyeshika nchi anakaa usiku akitafsiri kisa cha kiongozi anayechomwa visu na marafiki zake? Mabunge yote mnayoyajua, nani leo ana kitabu kitandani? Sisemi wa zamani walikuwa watakatifu. Nasema walikuwa wanasoma.

Kilosa kuna mahandaki, binti yangu aliyahesabu na kupoteza hesabu mara mbili. Dodoma tulilala. Zabibu, usingizi, basi.

Siku ya 2, Jumanne: Dodoma hadi Singida

Basi la asubuhi, 17,000 kila mmoja. Kata tiketi ofisini au mtandaoni. Mpiga debe atakuambia gari inatoka sasa hivi, na "sasa hivi" ya stendi haina uhusiano na saa.

Mwaka wa uchaguzi, kwa hiyo mjadala ulianza kabla hatujafika Bahi. Mzee mmoja mwenye kofia ya chama, kijana mmoja asiye na kofia, na mama muuza vitenge aliyesema wote wawili hawajui bei ya mafuta ya kula. Sauti zilipanda, kisha zikashuka zenyewe, kila mtu akikumbuka kwamba hamjui jirani yake. Konda akaweka muziki, mjadala ukafa kabisa.

Nyumbani kwetu siasa zilikatazwa mezani. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema siasa ya humu ndani ni nani amechota maji. Baba alikuwa mtu wa mikutano, semina, kampeni za kisomo, na ndoo ilikuwa ya Mama. Nilipokuwa kijana niliona hilo ni upungufu wa Baba peke yake. Sasa nina mke anayerudi kazini saa mbili usiku akanikuta nasoma habari za bunge kwenye simu na vyombo viko kwenye karo.

Kuku wa Singida ni kweli kama wanavyosema. Tulikula stendi, nusu kuku na ugali kwa 12,000, na Baba akasema huyo alikuwa na miguu ya mwanariadha.

Siku ya 3, Jumatano: kijijini

Sikupanga niandike sana kuhusu siku hii, lakini ndiyo safari yenyewe.

Tulikodi Noah mpaka kwa shangazi, dada mkubwa wa Baba, miaka 80 na kitu. Barabara ni ya vumbi, na Juni ni kavu, kwa hiyo inapitika. Masika uliza kwanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyu ndiye wa mjini? Mbona mwembamba, mnampa nini huko?"

Baada ya uji wa ulezi, binti yangu akaomba kuona alipozaliwa Babu. Kimya kikapita hapo mezani. Shangazi akachukua fimbo yake. Tukatembea kama nusu saa kutoka kijijini, tukafika kwenye mbuyu, mawe matatu ya mafiga, na mwinuko mdogo wa udongo ambao ningeukanyaga bila kujua. Hapo ndipo lilipokuwa tembe la babu yangu, nyumba ya kwao ya paa la udongo, ng'ombe wakilala upande mmoja.

Historia niliijua kwa vitabu. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho wa 1976 kila mtu awe ameshahamia. Kabla ya hapo ilikuwa hiari. Nilijua pia kwamba tulihamishwa 1974, kwa sababu Baba husema "tulipohamia", kama watu waliofuata kiwanja kizuri.

Shangazi hakusema "tulipohamia". Alisimama, fimbo imeelekea pale penye mafiga, akamwambia binti yangu, si mimi:

"Babu yako alikuwa mwalimu kijana. Mwandiko wake mzuri kuliko wote. Wakampa aandike orodha ya kaya za kuondoka. Akamwandika baba yetu wa kwanza."

Nilimtazama Baba. Alikuwa anaokota kitu chini ambacho hakikuwepo.

"Ningemwandika wa mwisho," alisema baadaye kidogo, "wangesema mtoto wa fulani anapendelea."

"Ndiyo," shangazi akasema. "Na hukupendelea."

Lori lilikuja siku ambayo mtama ulikuwa bado shambani. Mzee alipanda na kigoda chake na mlango. Mlango aliung'oa mwenyewe. Kijijini alijenga kibanda cha nyasi akasema ni cha muda, hakuwahi kujenga tembe tena, na akafa 1976 ndani ya kile kibanda cha muda.

Nilitegemea shangazi aendelee kumsema ndugu yake. Badala yake, tukiwa tunarudi, alituonyesha jengo la shule, darasa la mwanzo kabisa, bati limebadilika rangi. "Hapa ndipo nilipojifunza kusoma. Nina watoto wanne, naona aibu kushika kalamu. Mwalimu wangu huyu hapa." Akampiga Baba begani kwa fimbo, si kwa upole sana. "Angekuwa ametuacha kule kwenye mbuyu nisingejua kusoma Kurani wala barua ya mume wangu. Na baba angeishi. Sasa wewe mwenye digrii nipigie hesabu."

Sikupiga. Usiku alisoma Yasini kwa sauti, kidole kikifuata mstari, kwa ajili ya wazee wote wa ukoo, na binti yangu alilala mapajani mwake.

Siku ya 4, Alhamisi: Singida hadi Mwanza, pamoja na saa nne za Igunga

Tuliteremka mlima Sekenke vizuri, tukavuka mbuga ya Wembere, na kabla ya Igunga basi likatoa harufu, halafu moshi, halafu dereva akatoa maneno. Kampuni siitaji. Gari mbadala lilitoka mbali, likatufikia baada ya saa nne.

Jua lile si la kuandikia. Adhuhuri ikawa inapita na Baba hana maji ya udhu. Maji ya kunywa tulikuwa na chupa moja ya mtoto. Nikamwambia atayamamu, vumbi lipo la kutosha nchi nzima. Mtawa mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma yetu, anaelekea Shinyanga, akashuka na dumu la lita tano alilokuwa amembebea mgonjwa wake nyumbani. "Mzee, tumia haya, mgonjwa nitamchotea mengine." Kisha akatoa simu yake akatafuta kaskazini, maana Baba alikuwa ameanza kuelekea Zambia.

Alisali adhuhuri na alasiri kwa pamoja, kwa kupunguza, kama inavyomruhusu msafiri, kwenye kivuli cha lori la alizeti. Mtawa alikaa pembeni akishika vitu vyake, miwani, kofia na *Juliasi Kaizari*. Alipomaliza walizungumza kitabu. Kumbe naye alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Walikubaliana kwamba Bruto, rafiki aliyemchoma Kaizari, ni mtu mwema aliyefanya ubaya kwa kanuni. Hapo Baba alinyamaza muda mrefu, na mimi nilijua yuko wapi, yuko kwenye mbuyu.

Wachuuzi wa pale wanajua mabasi yanavyokufa: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, 1,000 bakuli. Nunua hata kama basi lako zima.

Tuliingia Nyegezi saa tano usiku. Kwa atakayepita: mabasi ya kutoka kusini huishia stendi ya Nyegezi, lakini ya kwenda Musoma hutoka Nyamhongolo, upande mwingine wa jiji. Usipange kuunganisha kwa dakika 30.

Siku ya 5, Ijumaa: Mwanza

Mapumziko. Sala ya Ijumaa, sato wa kukaanga ziwani, picha na mawe ya Bismarck kama kila mtu. Jiji zima lilikuwa likizungumzia daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa wiki iliyotangulia. Dereva wa bajaji alitupa urefu wake kana kwamba amelipima mwenyewe kwa kamba. Kivuko kilimtesa miaka, alisema, mkewe alijifungulia foleni. Binti yangu akauliza kama basi atampigia kura aliyelijenga. Dereva akacheka: "Daraja nimelilipia mimi, mtoto mzuri. Kodi." Sikuongeza neno.

Siku ya 6, Jumamosi: Mwanza hadi Musoma

14,000, mwendo wa saa nne kasoro, lami tupu. Magu, Lamadi, Bunda. Karibu na lango la Ndabaka, Serengeti inagusa barabara na nyani wanakaa kando kama askari wa usalama barabarani. Kaa upande wa kulia.

Musoma ni mji mtulivu, upepo wa ziwa, watu hawakimbii. Tulipita Shule ya Msingi Mwisenge. Mwalimu aliletwa hapo 1934 akiwa na miaka 12, kutoka Butiama, mwendo wa kilomita 40 hivi kwa miguu. Binti yangu atatimiza 12 mwezi Novemba. Alitazama viatu vyake vya raba.

Baba alikuwa na Musoma yake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 ndilo lililoamua kila mtoto aende shule kufikia 1977, na ndilo lililomjazia darasa wanafunzi 90. Mwaka ule ule wa orodha. "Mkono mmoja wa serikali ulikuwa unavunja, mwingine unajenga," alisema, tukiwa tunakula ugali wa udaga na sangara, 7,000 sahani. "Na mikono yote miwili ilikuwa yangu."

Siku ya 7, Jumapili 29 Juni: Butiama

Hiace hadi Makutano, kisha nyingine inayoingia Butiama. Beba noti ndogo, chenji ni mgogoro. Mavazi ya heshima, hapa ni nyumbani kwa watu, familia ipo.

Mwongozaji alikuwa misani, tukasubiri juu ya mawe makubwa chini ya miti, upepo mzuri. Nikamweleza binti yangu jina la Kambarage ni la mzimu wa mvua wa Wazanaki, na kwamba alibatizwa Julius baadaye, Desemba 1943, akiwa mtu mzima. Akataka kujua kama mtu anaweza kuwa na mvua na Yesu pamoja. Nikamwambia amuulize mama yake. Akasema Mama angesema amuulize Baba. Basi akamuuliza Babu, naye akajibu kwamba yeye ni Mwislamu aliyesafiri siku saba kumzuru Mkatoliki ambaye kanisa lake lilimpa jina la Mtumishi wa Mungu 2005, kwa hiyo asiulizwe habari za mipaka.

Makumbusho si makubwa, na ndiyo uzuri wake. Kiingilio chetu sote watatu hakikufika 10,000. Zawadi za wakuu wa nchi, nguo, picha za harakati. Mimi kilichonishika ni vitabu. Mtu huyu alistaafu urais 1985, na uzeeni akaziweka Injili katika tenzi za Kiswahili, zikachapwa 1996, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Wengine wakistaafu hufuga bodi za wakurugenzi.

Niseme na lingine, maana Baba analipenda: miaka yake ya mwisho mwisho madarakani alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Baba hulitaja hilo kama hoja ya kumtetea. Nikamuuliza, tukiwa bado ndani, na kuhamisha watu? Hakujibu.

Kaburi liko Mwitongo, palipokuwa makazi ya baba yake, Mtemi Burito, na wazazi wake nao wamelala hapo hapo. Mwongozaji alipolitaja jina hilo Baba alisimama.

"Mwitongo. Ni kama tongo?"

"Ndiyo, mzee. Makazi ya zamani. Mahame."

Baba alifundisha Kiswahili miaka 36. Akamgeukia mjukuu wake kwa sauti ya darasani: tongo ni mahali palipokuwa na nyumba, watu wakahama. Kisha sauti ya darasani ikamwishia. Akaangalia jiwe, akaangalia makaburi ya wale wazazi wawili, akasema polepole, "Yeye wamemrudisha kwenye tongo la baba yake."

Alivua kofia, akaivaa tena, akainua mikono akaomba dua. Ilikuwa ndefu. Familia moja iliyokuja na sare za kwaya ikasimama nyuma kumsubiri, haikumharakisha. Binti yangu alitoa rozari mfukoni, akaishika tu, hakujua aanze wapi.

Tulipokuwa tunashuka akamuuliza: "Babu, umemwambia nini?"

"Nimemwambia shikamoo."

"Basi?"

"Na nimemtajia jina la baba yangu. Huenda hakulisikia mara ya kwanza."

Alitaka kuacha *Juliasi Kaizari* pale makumbusho. Mwongozaji akamweleza kwa adabu kwamba kuna utaratibu, kuna fomu, aandike barua. Baba akaridhika kabisa. Alisema kitabu kisicho na fomu hakiwezi kuwa cha serikali. Kiko kwa shangazi sasa: kurudi tulishuka Singida tena, hatukuwa tumepanga, tukalala siku mbili, na mimi nilichota maji.

Gharama zote za watu watatu, pamoja na kurudi, ziko daftarini: nyumba za wageni za kawaida, bila zawadi za kijijini. Mnaotaka mchanganuo ninao, umeandikwa kwa kalamu ya waridi. Ukurasa wa tarehe 29 naunakili ulivyo:

*Hiace 3, kwenda na kurudi. Kiingilio. Soda 3. Pipi 200. Kaburi bure. Babu amelia kidogo, amesema ni vumbi.*